Salamu Kabla ya Kitabu

Bi Mwanamisi,

Shikamoo. Najua hutaniitikia marahaba, lakini ndivyo ulivyonizoesha, siwezi kukuambia neno kabla ya salamu.

Kipindi chetu cha mazungumzo na waandishi bado kiko hewani kila Jumamosi asubuhi, pale pale juu ya duka la magodoro, Kona ya Musa. Kiti chako nakikalia mimi. Nimekishusha, maana miguu yangu ilikuwa inaning'inia. Kikombe chako cha kahawa hakuna anayekigusa. Fundi mitambo alitaka kukitilia kalamu zake, nikamfokea mpaka nikajionea haya.

Kilichobadilika ni meneja. Huyu mpya ni mtu wa bara kama mimi, si mbaya, ila ana haraka kama anayekimbizwa. Alisikiliza vipindi vyako vya zamani akashika kichwa. "Mutheu, hizo salamu zinamaliza airtime. Ingia kwa swali, straight. Ukizirudisha, hiyo saa naweka muziki."

Nilitaka kumsimulia yule mzee wa Msambweni aliyeandika habari za ujana wake. Ulimwuliza za nyumbani, akasema njema. Ukamwuliza tena, njema, alhamdulillahi. Hukuchoka, ukamwuliza na mama watoto je? Ndipo akakohoa, akasema hajambo, ila amekataa kukisoma kitabu, maana mke wa kwanza ametajwa mara nyingi mno. Tulivyocheka! Kipindi chote kilitoka kwenye jibu lile. Baadaye ukaniambia kwamba mtu wa kwenu Pwani ukimjulia hali atasema njema hata kama nyumba inaungua, kwa hiyo nimwulize tena.

Jumamosi iliyopita alikuja Bi Riziki, mshonaji wa Mkwiro, na riwaya yake ya kwanza, bado inanuka wino. Niliogopa kukipoteza kipindi chako. Basi nikamtaja jina, na papo hapo nikamwuliza kwa nini ameandika juu ya ndugu wawili wanaogombania kisima.

Bi Riziki akapekua kurasa za riwaya yake. Nyuma ya kioo nikamwona meneja anainuka.

Bi Riziki akakifunga kitabu. "Mwanangu, twazungumzaje na hatujajuliana hali?" Akanisalimu yeye. Hujambo? Sijambo. Wa nyumbani? Hawajambo. Kazi yaendaje? Yaenda vyema. Akanitazama. "Na wewe mwenyewe je?"

Nilifungua kinywa niseme njema. Nikasema, "Nimefiwa."

Nililia hewani, Bi Mwanamisi, Kwale nzima ikinisikia. Sikuwa nimemwambia mtu. Siku ya maziko yako watu waliwapa pole wanao na ndugu zako, na ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikuwa jikoni nikiosha masufuria, si jamaa, wala si mtu wa dini yenu. Nani angejua kwamba na mimi nimefiwa?

Bi Riziki alinishika mkono, na nilipokutaja akakuombea rehema. Kisha, bila kuulizwa, akaeleza kuhusu kisima. Kaka yake alifariki wakiwa hawasalimiani, na chanzo chenyewe kilikuwa kisima cha baba yao. Ndiyo maana aliandika.

Simu zililia mpaka adhuhuri. Hata mwuza nazi mmoja wa Bongwe alipiga, hakuwa na swali juu ya kitabu, alitaka kunipa pole tu. Meneja aliniletea chai, akaiweka mezani. Hajaniambia kama kipindi kitabaki. Muziki pia hajauweka.

Nimekukumbuka sana, mwalimu wangu. Sauti yako ndiyo inayonisumbua zaidi, maana imo kwenye zile kanda na naweza kuisikiliza nikitaka, lakini sithubutu.

Nakuahidi hili: hatakaa mwandishi mbele yangu nikakifungua kitabu chake kabla sijamjulia hali mpaka aniambie kweli, hata wakinifukuza. Lala salama, Bi Mwanamisi. Mungu akuweke pema.

Huku kwako hawajambo wote. Mimi pia sijambo. Njema tu.

Niulize tena.

Mutheu