Meza Iliyokuja Mfukoni mwa Shati

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Mvua ikianza, anua nguo.

Ile meza yetu ya kulia imefika. Yule wakala wako wa kuagiza vitu mtandaoni ameitoa mfukoni mwa shati. Ina miguu minne, inang'aa, na inamtosha mwanasesere wa binti yako na mgeni wake mmoja.

Nikamuuliza, "Vipimo je?" Akasema, "Viliandikwa chini ya picha, mama. Nilimwambia asome kwanza, akanijibu fundi seremala hasomi meza, anaitazama tu."

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Wewe, unayepima ubao mara tatu kabla hujaushika msumeno! Kweli kinyozi hajinyoi.

~~Irudishe leo leo.~~ Basi, iache. Binti ameshaandaa chai juu yake.

Lakini mama anakuja Jumapili, na magoti yake hayawezi tena kukaa mkekani. Futi yako ya kupimia nimeiweka juu ya mbao, kule uani. Nataka meza ya mkono wako.

Ukimaliza, usinitumie picha. Niite nije nikae.

Mama Watoto