Plastiki Namba Kumi na Moja

Jumamosi, 7 Juni 2025. Ruiru

"Mtu wa miaka hamsini na mbili anayenyoosha meno ni kama mpangaji anayepaka rangi nyumba ya landlord." Waweru, asubuhi hii, kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wanaoandikia magazeti. Vicheko vikamiminika chini yake.

Haya, tujibizane. Kwanza, nyumba hii ninayopanga niliipaka rangi mwenyewe, njano sebuleni, na nimeamka ndani ya njano hiyo miaka tisa. Landlord hajawahi kuamka ndani yake hata siku moja. Nani kafaidi? Pili, si urembo. Meno yangu ya chini yamelaliana, yanakata ufizi wa juu, na mwaka jana moja lilivunjika nikila mahindi ya githeri. Daktari Mumbi alisema nikiyaacha hivyo nitazeeka nikitafuna kwa ufizi. Tatu, Waweru mwenyewe alipaka nywele rangi nyeusi wiki ya harusi ya mwanawe na sisi wote tukanyamaza kwa adabu.

Nimeandika yote hayo. Sijatuma. Si kawaida yangu.

Ni kwamba Cindy alipiga simu nikiwa katikati ya hoja ya tatu. Cindy, binti ya dada yangu Emmaculate. Mama yake anatolewa mtoto wa jicho Jumatatu huko Thika. Cindy yuko kiwandani wiki nzima, shifti ya mchana, na hakuna wa kumtilia mama yake dawa ya jicho mara nne kwa siku. Nikauliza kama Ema anajua ninapigiwa. Anajua. Nikauliza alisemaje.

"Alisema kama uko na nafasi."

Miaka minne hatujasemezana. Kama niko na nafasi!

Jumapili, 8 Juni. Ruiru

Nafunga begi. Kijikaratasi cha maagizo ya plastiki za kunyoosha meno nimekibandika kwenye kioo. Nakisoma kama mtu anayesoma hotuba ya adui.

Vaa saa ishirini na mbili kwa siku. Vua ukila, na ukinywa chochote kisichokuwa maji. Osha kwa maji baridi, kamwe si ya moto. Usizifunge kwenye tishu, zitatupwa. Zikiwa nje ya mdomo ziwe kwenye kisanduku chake. Ukisafiri, beba jozi iliyotangulia na jozi inayofuata.

Niko jozi ya kumi na moja kati ya ishirini. Ya kumi na mbili nimeibeba. Ya kumi niliitupa siku niliyoivua. Plastiki kuukuu niitunze ya nini, mimi ni makumbusho?

Nikitafuta soksi nimekutana na lile faili. Barua kumi na nne. Zote za kunisifu kwa makala ya 2021, baada ya kumzika mama. Niliandika kwamba mama hakupaswa kufa. Kwamba figo hazitibiwi kwa rozari. Kwamba alikaa miezi kumi na moja kwa dada yangu Thika badala ya kurudishwa hospitali, na — sentensi yenyewe naikumbuka neno kwa neno — "aliyeshika ufunguo wa nyumba alichagua kupiga magoti badala ya kufungua mlango." Sentensi nzuri. Mhariri aliipenda. Waweru alikuwa wa kwanza kuandika barua ya pongezi. Sikumtaja Ema kwa jina. Kwani kuna aliyehitaji jina?

Nilikuwa na haki. Bado nafikiri nilikuwa na haki. Na kwa miaka minne sijui anaamkaje, anacheka na nani, nani humshonea nguo.

Faili nimelirudisha chini ya soksi.

Jumatatu, 9 Juni. Landless, Thika

Kutoka Ruiru hadi hapa ni mwendo mfupi kuliko mahubiri ya Jumapili. Umenichukua miaka minne.

Geti lile lile la kijani. Cindy alikuwa amemleta kutoka hospitali, amemkalisha kitini, ameshavaa nguo za kazi. Akanionyesha dawa, akanionyesha saa za dawa ukutani, akakimbia. Asiiname. Asitie maji usoni. Asikaribie moshi wala mvuke wa jikoni. Naambiwa hayo kuhusu Ema, mtu ambaye hajawahi kukaa mbali na jiko zaidi ya dakika kumi.

Jicho moja limefunikwa. Amekonda. Nikamwamkia, "Habari ya hapa, Mama Cindy." Mama Cindy! Kama jirani aliyekuja kuazima ungo. Akajibu, "Ni nzuri. Karibu kiti, Mama." Mimi sina mtoto. Anajua.

Chai ilikuwa kwenye chupa. Cindy aliipika kabla sijafika, kwa maagizo, naona, kwa sababu ilikuwa na tangawizi na maziwa mengi na sukari iliyokwisha tiwa, vile ninavyoipenda tangu shuleni. Ema akapapasa akamimina mwenyewe. Hakumwaga hata tone.

Nami nina plastiki mdomoni. Nilikuwa nimezirudisha pale stendi, baada ya kula ndizi. Bafu liko nje, mfereji hauna maji. Nikawaza saa zangu ishirini na mbili. Nikasema, "Nitakunywa baadaye kidogo."

Kikombe kikakaa. Utando wa maziwa ukajifanya juu. Yeye alikuwa ananitazama kwa jicho lile moja.

"Hata chai yangu sasa uko na neno nayo," akasema.

Nikaeleza. Meno, daktari, masaa. Nilieleza vizuri sana, kwa vipengele. Nilipomaliza alikuwa amegeuzia uso dirishani.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi hospitali, wakafungua jicho. Nikaanza kazi ya dawa.

Sikujua kitu kimoja. Kumtilia mtu dawa ya jicho lazima umshike. Mkono mmoja paji la uso, kidole kwenye kope ya chini, uvute kidogo. Sijamgusa dada yangu tangu makaburini. Ngozi yake ni ya mama. Laini na moto, kama amekaa karibu na tanuri la mkate. Tone likaanguka, akakunja uso, akasema, "Umenilenga kama unanipiga risasi." Ya pili nikamtilia taratibu.

Saa nane wakaja akina mama wa jumuiya ya kanisa kumwona mgonjwa. Wanne, wakiongozwa na Magdalene, jirani wa mlango wa pili, mwenye sauti ya kuuza mboga. Chai tena, na mkate na mayai ya kuchemsha. Leo nimejifunza. Nikageuka pembeni, nikavua, na kwa sababu kisanduku kilikuwa ndani ya begi na begi lilikuwa chini ya makalio ya mama mmoja, nikazifunga kwenye tishu. Ndiyo. Kile kile walichokataza.

Magdalene, mtu wa mikono isiyotulia, akaanza kukusanya maganda ya mayai na tishu kutoka mezani. Niliruka. Nikamshika mkono. Ikabidi nifungue mbele ya kanisa zima, zile taya mbili za plastiki zinang'aa mate. Magdalene akatazama sana. Akauliza kama ni za kwangu au nilizirithi.

Ema akacheka. Alicheka mpaka nikamwambia aache, jicho litafunguka mshono. Na akicheka meno ya chini yanaonekana, yamelaliana vile vile, moja limepanda bega la mwenzake. Meno ya mama. Nilikuwa nayo mimi pia. Kila wiki mbili navaa jozi mpya, namba inapanda, na meno ya mama yanazidi kunitoka.

Leo nimevaa saa kumi na tisa tu. Vikombe vitatu. Sijuti. Ni uwongo, najuta kidogo.

Jumatano, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilitoka kununua mkate. Kabla ya kutoka nilikuwa nimekunywa chai, nikasukutua, nikaacha plastiki kwenye glasi ya maji baridi kando ya sinki, maana nilikuwa nafikiri narudi mara moja. Dukani kulikuwa na mjadala kuhusu barabara na nikaingia. Ningepitaje? Nimerudi baada ya nusu saa.

Ema alikuwa jikoni. Jikoni! Amesimama juu ya mvuke, jicho ambalo lina siku mbili. Sufuria ndogo inatokota. Nikaanza kumfokea kuhusu mvuke. Akasema, bila kugeuka, kama mtu anayesubiri kushukuriwa:

"Nimekuchemshia vitu vyako. Maji ya huku si ya kuamini. Kitu cha kukaa mdomoni hakiwekwi hivyo hivyo."

Nikatazama. Zilikuwa zinaelea. Zimejikunja kama maganda ya kitunguu. Nikazitoa kwa kijiko. Meno yote ya juu yamekuwa kitu kimoja, mkunjo mmoja, hata mdomo wa mtoto usingeingia.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na sentensi. Huwa ninazo, zinakuja zimepangwa. Kuhusu watu wasiosoma maagizo. Kuhusu ujinga wenye nia njema na watu unaowaua. Hiyo ya mwisho ilikuwa imefika kwenye ulimi.

Yeye hakuwa amejua bado. Haoni vizuri. Akashika kile nilichokishika, akakipapasa, akaelewa kwa vidole. Akakaa chini kwenye kigoda. Nilidhani atalia. Hakulia. Akasema polepole:

"Mama nilimchemshia kila kitu. Kijiko, kikombe, kitambaa. Kila siku, miezi kumi na moja. Daktari alisema mwili wake hauwezi uchafu hata kidogo. Hilo hukuandika."

Nikasema sikujua.

"Hukuuliza."

Basi. Akainuka akazima jiko.

Nimekaa kitandani kwa Cindy tangu hapo. Kwa makala ile nilihoji madaktari wawili. Nilimhoji padri. Nilihoji nesi wa wodi na mtu wa chumba cha maiti. Nilisoma vitabu kuhusu figo. Mtu aliyekuwa kwenye chumba hicho usiku na mchana, sikumhoji. Aliniambia nini Ema kwenye simu mwaka ule? Kwamba mama amekataa kurudi wodini. Nilimwambia huo ni udhaifu wake, amlazimishe. Kisha nikakata. Nilikuwa na semina.

Saa kumi na moja dawa. Nimemtilia. Alifumba jicho, na nikaacha mkono wangu pale kwenye paji la uso muda mrefu kuliko tone lilivyohitaji. Hakuutoa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejaribu namba kumi na mbili. Haikai. Upande wa kulia inaninginia, kushoto inabana hadi machozi.

Nikampigia Daktari Mumbi. Aliuliza jozi ya kumi iko wapi. Nikamwambia. Akavuta pumzi kwa namna ambayo huja na bili. Kesho saa sita anaweza kuniona, katikati ya wagonjwa wengine, anisaidie ikae. Jumamosi anaenda likizo wiki tatu. Wiki tatu bila kitu, akasema, meno yatarudi yalikotoka, na tutaanza upya karibu na mwanzo.

Kesho saa saba Ema anaangaliwa jicho hospitalini. Saa sita ana dawa. Cindy yuko kazini.

Nilimwambia Ema wakati wa kuchambua mchele. Nilidhani nitamwona anakasirika, ningejua la kufanya na hasira. Akasema tu, "Nenda. Magda atanipeleka. Nimezoea."

Nimezoea. Nimeandika maneno laki ngapi maishani na sijawahi kumpiga mtu na moja kama hilo.

Ijumaa, 13 Juni

Saa nne. Begi liko mlangoni. Ema amevaa tayari, gauni la maua, miwani myeusi ya hospitali. Baridi. Amekaa mezani.

Saa nne na nusu. Chai imeiva. Nimepika mimi, na ameionja akasema tangawizi ni kidogo, haya ni maji ya kuosha vyombo. Akaongeza mwenyewe. Mimi sina cha kuvua mdomoni leo. Nakunywa hivi hivi, kama mtu wa kawaida. Ulimi wangu unapita juu ya meno ya chini na nafikiri tayari moja limeanza kusogea. Labda nafikiri tu.

Saa tano. Ningekuwa nimefika barabarani. Ema anauliza ninaandika nini. Nimemwambia barua. Ya nani? Ya watu fulani. Akasema, "Uwaandikie vizuri." Akasukuma kikombe changu akakijaza tena bila kuuliza. Simu inatetemeka ndani ya begi. Ni kliniki.

Hajasema nibaki. Hatasema.

Saa tano na nusu. Ngoja niimalize hii kabla ya dawa.

Ninyi kumi na wanne mlioniandikia mwaka 2021. Wewe Waweru wa kwanza, uache meno yangu kidogo usikilize. Mlisema nilikuwa jasiri. Mlisema nimesema ukweli ambao familia nyingi huuficha. Barua zenu ninazo zote, chini ya soksi. Mlimsifu mtu ambaye hakuuliza. Sitaki sifa hizo tena na sitaki mniombee radhi. Nataka kila mmoja wenu achukue karatasi leo, aandike tena. Si kwangu. Kwa Emmaculate, Landless, Thika, geti la kijani. Mwambieni mlisoma mambo ya mama yake kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo.

Na mwandike kwa herufi kubwa. Jicho bado halijapona.