Daraja Lisilopitisha Ng'ombe

Kitongoji cha Ng'ambo,
Kilosa.
16 Novemba

Kaka yangu mpendwa Seni,

Shikamoo kaka. Na shikamoo nyingine umfikishie mama kabla hujaendelea kusoma, maana najua akiiona bahasha atasogea karibu yako aulize Marciana anasemaje. Mwambie Marciana ni mzima, mume wangu Tomasi ni mzima, na wajukuu zake wanakula hadi sufuria linalia. Goti lake linaendeleaje? Na pamba mmeshapanda, au bado mnatazama mawingu? Huku mvua za vuli zimelaza vumbi tu, lakini hatulalamiki.

Umezoea nikupigie simu, nawe umezoea kuweka sauti ya nje ili ukoo mzima usikie. Safari hii nimeona niandike. Mwaka wangu wa kwanza wa udiwani umetimia, habari ni ndefu, na ndani yake limo jambo ambalo nisingeweza kulisema shangazi akiwa anasikiliza. Barua nimempa Jackline, binti wa Mzee Mashauri, anayekuja huko Magu kuwasalimia ndugu zao.

Kaka, mimi nilidhani diwani ni mtu wa kukaa kwenye viti vya baraza kule Kilosa mjini. Kumbe baraza ni mara chache tu; kazi yenyewe iko uani kwangu. Saa kumi na mbili asubuhi watu wameshafika. Mmoja mbuzi wake amekula mpunga wa jirani, mwingine amekuja kusema choo cha shule kimetitia, wa tatu ameniota tu na anataka kunisimulia ndoto, na wote wanatarajia chai. Nimepatanisha mume na mke waliogombea redio. Nimemshika mkono mama aliyejifungulia ndani ya gari la ng'ombe tukimkimbiza zahanati. Mtoto wameshamwita Diwani, wala hakuna aliyeniuliza kama nimekubali.

Lakini kwenye baraza nilikuwa bubu. Vikao viwili vya mwanzo nilikaa nyuma, nikaandika yaliyosemwa na wengine, nikarudi nyumbani. Kisha tukaitwa semina ya siku mbili Mikumi. Huko nikakaa jirani na Happiness, diwani anayetoka upande wa mashamba ya miwa. Akaniuliza mbona sisemi. Nikamwambia kero yetu ni mto, lakini naogopa kukosea mbele ya wataalamu. Akacheka, akasema hao wataalamu hawajawahi kuuvuka mto wangu hata siku moja, kwa hiyo habari ya mto ikifika, mtaalamu ni mimi.

Mto huo unaukumbuka, ulivua viatu ulipokuja. Sisi wafugaji tuliokuja kutoka kwenu tuko ng'ambo hii. Shule, zahanati na wakulima wa mpunga, wenyeji wa tangu zamani, wako ng'ambo ile. Masika ikianza, watoto wetu wanabaki nyumbani. Mwezi wa nne nilivuka mwenyewe kwenda barazani, maji kifuani, makabrasha yote kwenye beseni kichwani. Nikaingia ukumbini nachuruzika. Zamu yangu ilipofika nikasimama, na kumbe karatasi ya swali nilikuwa nimeisahau kwenye beseni. Nikasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, swali langu ni hii sketi." Wakaangua kicheko. Nikangoja kitulie, ndipo nikawaambia kwamba watoto mia moja na arobaini wana wiki ya saba hawajaliona darasa, kwa sababu maji yaliyolowesha sketi ya diwani yanawafika wao kichwani. Hapo hakucheka mtu. Kabla ya mwaka wa fedha kuanza tukaahidiwa saruji, nondo na fundi, ilimradi wananchi walete mawe, mchanga na nguvu zao.

Nilirudi nikiimba. Kaka, niliimba mapema mno. Kwenye mkutano wa kijiji wakulima walikataa katakata. Walisema leo ni daraja la watoto, kesho litakuwa la ng'ombe. Na siwezi kuwalaumu. Mwaka juzi ng'ombe wa huku kwetu walimaliza shamba zima la mpunga la mjane mmoja, nami nililiona kwa macho yangu.

Ikanibidi niende kwa Mudathir. Huyu ndiye aliyekuwa diwani kwa miaka kumi, mwenyeji, mkulima, mtu anayesikilizwa na wote wa upande ule. Ndiye niliyemshinda kwa kura ishirini na tatu. Nilimchukua Mzee Mashauri, mkubwa wa wafugaji wetu, tukaenda huku nikitegemea kufungiwa mlango. Mudathir akatutandikia mkeka, akatusikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza Mzee Mashauri dume lake kubwa kuliko yote lina upana gani. Mzee akatanua mikono. Mudathir akasema, "Basi daraja liwe nusu ya hapo." Akataka pia tukubaliane sehemu moja ya kunyweshea mifugo, huko chini, mbali na mashamba. Mzee Mashauri akampa mkono. Wiki mbili nzima Mudathir alizunguka kitongoji hadi kitongoji akiwaeleza watu wake, na hakudai hata nauli ya pikipiki.

Kiangazi chote tulijenga. Wafugaji walisomba mawe kwa magari ya ng'ombe, wakulima walichimba mchanga. Akina mama wa huku walipika michembe ya viazi vitamu, wa kule wakapika wali, na siku ya tatu watu wote wa kule wanakula michembe na wa kwetu wanagombea ukoko.

Jumamosi ya wiki iliyopita tumelifungua. Watu wengine bado walikuwa na shaka, hivyo Mzee Mashauri akamleta lile dume lake mbele ya umati. Likasukumwa, likavutwa, likaimbiwa. Pembe zikagonga vyuma vya kingo za daraja huku na huku, likasimama, likatutazama sote kama mgeni aliyekosea nyumba, likageuka. Vigelegele vilivyopigwa nadhani mlivisikia Magu. Mama mmoja akauliza, je, ndama? Mudathir akamjibu kwamba ndama akivuka, mama yake atamwita. Kisha watoto wakapita mbio, na sare zao kavu, na mimi nikalia mbele ya watu bila aibu.

Sasa lile jambo, kaka.

Watu walipokuwa wanakula, Mudathir alikuja tukaketi kwenye ngazi za daraja. Akaniambia kuna kitu anakitafuta mwaka mzima. Siku ya matokeo alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye kituo chetu cha Ng'ambo: kura zote zangu, yake moja. Wenzake walimcheka. Yeye akawaza, huku kuna mtu mmoja ameniamini, na simjui. Akasema tulipomwendea kuhusu daraja alikuwa ameshaandaa neno la kukataa, lakini alimkumbuka mtu huyo, akaona hawezi kumfungia mtoto wake njia. Akaniomba nimsaidie kumpata ili ampelekee jogoo.

Nikamwambia, "Ni mimi."

Ndiyo, kaka. Niliposhinda wewe ulichinja ng'ombe ukawaambia watu dada yako hana woga. Akina mama walinichukulia fomu, nikaona haya kuwakatalia, nikapita kwenye mikutano nikiomba kura, na usiku nilimwomba Mungu nishindwe. Pale kwenye kituo, karatasi mkononi, nikaliona jina langu nikatetemeka. Nikaweka alama ya vema kwa Mudathir, nikatoka haraka. Tomasi mwenyewe nimemwambia juzi tu.

Mudathir alicheka hadi kofia ikamdondoka. Alipopata pumzi akasema, "Uchaguzi ujao nitagombea tena, Mama Diwani. Safari hii jipigie kura, tushindane kama watu wazima." Nikamwahidi. Na Jumapili alikuja na mkewe, wakaleta yule jogoo, tukamla sote.

Nisamehe kwa sifa nilizokuacha unipe bure. Lakini ujue kwamba leo ningepewa ile karatasi, nisingetetemeka.

Msalimie wifi, wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na shangazi mwambie nampenda ila simu aiachie wengine. Krismasi njooni na mama. Hapa mtoni hakuna tena kuvua viatu. Mungu awalinde hadi tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Marciana Shimba