Mama Humwekea Babu Sahani ya Wafu, na Babu Yu Hai

Manang Ursula mpendwa, dada mkubwa wa sisi wasomaji wote, nishike mkono maana peke yangu nimeshindwa. Mimi ni binti wa hapa Waipahu, nasomea historia chuoni, naandika tasnifu juu ya watu wetu walioletwa Hawaii kukata miwa, na profesa wangu husema kuisoma historia ya Marekani ukiwa umesimama pwani moja ni kama kuamua ugomvi wa mume na mke kwa kumsikiliza mmoja, basi mwezi wa sita nikavuka hadi Ilocos, kwetu Ufilipino, kuwatafuta wazee waliorudi, maana vitabu vyetu vikiona mtu kapanda meli ya kurudi kwao huwa vimemalizana naye.

Huko nikaelekezwa kwa mzee mmoja kibogoyo, mcheshi kweli, aliyefukuzwa shambani baada ya mgomo akatupwa melini, na katika mazungumzo akanitajia mke aliyemwacha Waipahu, na binti yao Benilda mwenye kovu la mundu juu ya jicho, na Manang, huyo Benilda ni mama yangu! Bibi, Mungu amrehemu, alimwambia tangu utotoni kwamba baba yake alikufa kwa homa, ndiyo sababu kila Siku ya Wafu mama humwekea sahani ya wali wa kunata, yai na sigara, na wewe unajua kwetu kumwekea mtu hai sahani hiyo ni kumwitia kifo.

Nilipomsimulia babu habari ya sahani alicheka mpaka akapaliwa. "Kumbe! Ndiyo maana sijawahi kulala njaa hata miaka ya ukame!" Kisha akalia, akanishika mikono. "Usimwambie, mjukuu wangu. Nikiwa maiti ananipenda. Nikiwa hai ataniuliza nilikuwa wapi."

Nikamwapia. Sasa mama kila jioni, "We mtoto, ulimwashia babu yako mshumaa huko?" nami naitikia kwamba nilimwashia, na Siku ya Wafu inakaribia, mchele ameshanunua. Nikisema, namvunjia babu kiapo na bibi anageuka mwongo kaburini. Nifanyeje?

Mwenye Ulimi Mzito

*

Mdogo wangu, nimekusoma nikalia, halafu nikakasirika. Majina na kovu nimevibadilisha, lakini mama yako akiona neno sahani tu atajijua. Kwa hiyo kunja gazeti hili, nenda jikoni sasa hivi.

Pole, mzigo huu si wa umri wako. Lakini hebu niambie, hiyo ada ya chuo unalipia nini? Umevuka bahari nzima kuitafuta pwani ya pili, umeipata, imekushika mikono, na sasa unataka kuifunika kawa! Babu yako umemsikiliza. Mama yako je? Mzee ameamua kwa niaba yake kwamba atamchukia, na wewe msomi ukaandika, ukarudi nyumbani. Kiapo cha kumnyima mtu baba yake hakikuwa chako kukiapa.

Kuhusu kumwitia kifo, ingekuwa sahani ile inaua, mzee angekwisha kitambo.

Anza na "Mama, babu yu hai." Usianze na profesa wala mgomo. Atapiga kelele, atamlaani bibi yako, atakulaani na wewe. Kaa hapohapo. Akitulia, mweleze kwamba bibi alikuwa mwanamke mwenye mtoto mdogo na mume asiyerudi, na kifo ni rahisi kumweleza mtoto kuliko meli. Hiyo tasnifu isichapwe hata ukurasa mpaka baba na binti wawe wameisikia wote wawili.

Na akiuliza baba yake alikuwa wapi, usimjibie. Mkatie tikiti akamuulize mwenyewe, ana haki hiyo, na mzee anadaiwa jibu.

Mchele alionunua usipotee. Aubebe, akampikie kulekule. Ila mwambie auongeze maji: wafu hawajawahi kulalamika wali mgumu, lakini baba yake hana meno.