Mume Wangu Haombi Radhi, Anaristati

Shikamoo mshauri. Nakuandikia mguu mmoja uko kwenye cherehani, maana mimi ni fundi wa kushona na wateja wananingoja, lakini shida yangu haingoji, naomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Mume wangu anatengeneza kompyuta, na dawa yake ya kwanza kwa kila mashine ni kuizima na kuiwasha upya, mwenyewe anaita kuristati. Nilipoolewa neno hilo lilinifurahisha, chai ikimwagika tunasema turistati, tunacheka, kumbe nafuga jambo, maana siku hizi akikosea hasemi samahani, anatoka nje, anahesabu mpaka kumi, kisha anabisha, "Hodi wenyewe," anaingia akitabasamu kama mtu aliyezaliwa dakika ile, na ukimkumbusha kosa anasema, "Mke wangu, hayo yalikuwa kabla sijaristati."

Nimevumilia miaka minne. Juzi mama yangu, aliyekuja kwetu kupasuliwa jicho, alitakiwa kufuatwa hospitali saa nne asubuhi, mume wangu akajitolea, mimi nikabaki na sare za shule za watu, bwana akasahau, mama akakaa kwenye benchi jicho limefungwa mpaka saa kumi, muuguzi akamhurumia akamleta. Mume wangu kurudi, kumkuta mama sebuleni, akageuka, akatoka, akahesabu. "Hodi."

Mama akamjibu, "Karibu mgeni. Wewe ni mtoto wa nani? Mwenye nyumba hayupo, kaa umsubiri."

Tangu hapo mama anamwita mgeni, anamsimulia habari za mkwe aliyemsahau, "Ukimwona mwambie namtafuta," naye anaitikia, "Nitamwambia, mama." Ningecheka, ila leo nimemkuta mama anakunja nguo, anasema Jumamosi anaondoka, na nyuzi za jicho hazijatolewa. Akiondoka, naondoka naye. Na mume wangu nampenda. Nifanyeje?

Mke wa Fundi

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, nisikufiche, nimecheka. Kisha nikamfikiria mama yako pale kwenye benchi, kicheko kikaisha.

Mumeo si mbaya, ni mwoga. Bila shaka yeye mwenyewe huwaambia wateja wake kwamba mashine inayozimwa na kuwashwa kila siku ina ubovu ndani, lazima ifunguliwe. Mbona yake haifungui?

Na wewe usijitoe. Miaka minne anabisha hodi, nani anamjibu karibu? Mshono ukienda kombo unashonea juu yake? Unafumua. Sasa kwa nini gauni la mteja ulifumue, ndoa yako uipige pasi tu?

Mama yako naye haendi popote. Mtu wa kuondoka huondoka. Anayekunja nguo mbele yako na kuitaja Jumamosi, huyo anamsubiri mtu.

Kesho jioni tia komeo. Akibisha hodi, usimkaribishe. Muulize, "Juzi ulitoka kwa sababu gani?" Akikaa kimya, mwache ahesabu, namba haziishi. Akiitaja sababu, mfungulie, lakini asiishie kwako. Akae mbele ya mama yako, amtazame hilo jicho moja lililo wazi, aseme, "Mama, yule mkwe unayemtafuta ni mimi. Nilikusahau. Nisamehe."

Na siku ya kutoa nyuzi ampeleke yeye, amsubiri kwenye benchi lile lile mpaka daktari amalize. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wenu siku zake zimeshatimia.