Walipima Koti Lako, Tata

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna marahaba itakayorudi, lakini hukunilea nianze kugomba kabla ya kusalimia. Sasa nimesalimia. Nina hasira, Tata, na ninaiandika hadharani kwa sababu wanaopaswa kuisikia ni wengi.

Unalikumbuka koti lako la kijivu, lile ulilonunua mnadani Mabira mwaka kahawa ilipokubali. Zito, lina bitana, na mfukoni halikukosa kahawa ya kutafuna uliyoifunga kwenye kipande cha jani la mgomba. Kibanjani, shambani kwetu, ulipalilia na shati lililochanika mgongoni, lakini ukitaka kuvuka mpaka wa migomba yetu, lazima koti. Mama akikuambia jua ni kali, unamjibu, "Mtu haendi kwa watu kama anayekwenda kukata majani ya mbuzi." Nilikuwa nakucheka. Ulijua nakucheka, na kwa makusudi ulifunga hadi kifungo cha juu.

Ndivyo tulivyokwenda zahanati siku ulipokohoa sana, mimi na wewe. Jina la zahanati silitaji, anayejua anajua. Tulipanda kile kilima kwa miguu kwa sababu uliikataa bodaboda, ati itakukunja koti. Tukafika unahema. Badala ya kukaa, ukaanza kuwagawia kahawa watu wa kwenye benchi kana kwamba wamekuja kwako, na wewe mwenyewe ukatafuna. Nesi akakuita ndani. Alikuwa binti wa jirani, aliyelelewa vizuri kabisa. Akapiga magoti, akakuamkia, akauliza habari za Mama, za kibanja, za mbuzi aliyezaa mapacha, na wewe ukajibu moja baada ya nyingine. Wakati wote huo mikono yake ilikuwa inakufunga mkanda wa mashine juu ya koti. Ulipotaka kulivua alikuzuia. "Kaa na koti lako tu, mzee wetu, usihangaike."

Kwetu nani amvue mzee koti mbele za watu? Mashine ikapiga kelele, ikatoa namba, nesi akasikitika. Presha iko juu. Tukarudi nyumbani na dawa ya kikohozi na vidonge vya presha.

Ukarudi kupimwa tena na tena, kilima kilekile, kahawa ileile, salamu zilezile, koti lilelile. Kila mara presha bado iko juu. Wakakuongezea vidonge, kisha wakakuongezea tena. Wewe ukaanza kusema dunia inazunguka ukiinuka kitandani. Uliwaeleza mbele yangu, kwa utaratibu wako, na ukajibiwa kwamba kizunguzungu ndiyo presha yenyewe, usiache dawa. Hukuacha. Mtu aliyekuwa akipogoa mibuni tangu alfajiri akawa anashika ukuta kwenda chooni. Ukaanguka kibanjani ukiwa umeshika mundu, nyonga ikavunjika, na kutoka kwenye kile kitanda hukuinuka tena. Msibani watu walisema presha imemuua mzee. Wengine walisema umerogwa. Mimi nilikubaliana na wa presha, maana nilikuwa nimeiona mashine kwa macho yangu.

Sasa niko chuo cha afya, nasomea utabibu. Katika mafunzo ya vitendo mwalimu alitufundisha kupima presha, na mimi nikakaa mbele kwa sababu nilidhani hiyo naijua. Akasema mgonjwa apumzike dakika tano. Mgongo uegemee, miguu itue chini, mkono uwe mtupu na ukae usawa wa moyo. Asiwe ametoka kupanda mlima. Asiwe ametoka kunywa wala kutafuna kahawa. Na mkanda ukishafungwa, asiongee, wala wewe usimsemeshe. Tata, niliona kama mtu anasimulia safari zetu, ila anazisimulia kinyume.

Kisha akatuambia tupimane, kwanza mkono mtupu, halafu juu ya sweta nene. Mwenzangu mmoja wa Karagwe, kijana mzima anayecheza mpira kila jioni, akawa mgonjwa kwa sababu ya sweta. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilimuuliza mwalimu, je, mzee akilalamika kizunguzungu? Akasema mpime amekaa, msimamishe, umpime tena, kwa sababu huenda dawa inamshusha kupita kiasi. Akaongeza, "Kipimo hakijui adabu. Anayejua adabu ni wewe, kwa hiyo muombe mgonjwa vizuri, lakini avue."

Jambo lenyewe ni hilo tu. Kuomba vizuri. Halihitaji umeme, halihitaji dawa ya kusubiriwa kutoka wilayani. Nani aliwaambia kwamba heshima ni kumwacha mzee amefunikwa? Na huyo nesi alifundishwa na nani, akasimamiwa na nani, hata asionywe siku moja? Wanapenda kusema mashine haidanganyi. Mashine inasema kile ulichokifunga ndani ya mkanda, na wewe walikufunga na bitana.

Ningeweza kumeza hasira hii, Tata, kama isingekuwa Kaka Deo. Unajua wazee walimvisha koti lako siku ya kuondoa matanga, yeye ndiye mrithi. Juzijuzi alinipigia simu akasema amekutwa na presha, ameanza vidonge, na siku hizi akiinuka anaona giza. Nikamuuliza siku ya kupimwa alivaa nini. Akasema, "Koti la Tata."

Nilikwenda nyumbani na mashine niliyoazima chuoni. Akanipokea amelivaa. Nikamwambia avue, akakataa, eti wazee hawakumvisha ili mdogo wake aje amvue. Tulibishana mpaka Mama, aliyekuwa anamenya ndizi na alikuwa hajasema neno, akaweka kisu chini. "Deo, vua. Baba yako hakuna aliyemwambia."

Akavua. Nilimpima amekaa, kimya, mkono mtupu, na hakukuwa na presha ya kutisha. Nilipomsimamisha, namba ikashuka na yeye akashika mwimo wa mlango, kama ulivyokuwa ukishika wewe. Kesho yake tukapanda kilima. Sikutaka kumpunguzia dawa mimi, sijafika huko. Nilimuomba tabibu ampime tena mbele yangu, polepole. Akapima, akarudia kupima, akampunguzia vidonge na kumtaka arudi wiki ijayo. Yule nesi wetu alikuwepo. Alinifuata nje, macho chini, akasema walikuwa wanakuheshimu sana. Nikamwambia najua, na ndiyo maana nina hasira. Angekuwa anakudharau angekuamuru uvue, ukavua, ukawa hai.

Njiani Kaka aliniuliza kama wewe ulikuwa na presha kweli. Kwa hasira niliyokuwa nayo nilitaka kusema hapana. Lakini nimefundishwa kutosema namba nisiyoipata. Sijui, Tata. Ulipanda kilima kile mara nyingi kiasi kile, ukameza kila ulichopewa, na hata siku moja hakuna aliyekupima wewe.

Koti nilikuwa nimelibeba mimi, zito vilevile. Sikumrudishia Kaka mpaka tulipofika kwenye migomba yetu.

Pumzika sasa, Tata, bila kujibu salamu za mtu.

Kitindamimba wako