Swali la Sita

Jumapili, 2 Novemba
Karatasi ishirini na nane za darasa la saba. Macho yanauma. Swali la sita: eleza yaliyowapata Wamoriori. Jibu limo kitabuni. Watu wa kisiwa cha Rekohu, mashariki ya Nyuzilandi. Wazee wao walikataza kuua. Mwaka 1835 wakavamiwa na Wamaori waliotoka visiwa vikubwa. Wakakaa wakashauriana, wakaamua kuishika sheria yao. Wakachinjwa. Waliosalia wakafanywa watumwa. Wakaisha.

Ruby, mtoto mgeni, kaandika yote hayo vizuri. Ila mwisho: "Hatukuisha. Mimi ni mmoja wao." Nikamtia kosa kwa wino mwekundu. Pembeni nikaandika: Soma kitabu.

Jumatatu, 3 Novemba
Nimerudisha karatasi. Jibu la Ruby nikalisoma kwa sauti, darasa zima lisikie. Nilitaka wacheke. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Yeye akaikunja karatasi, akaikunja tena, mpaka haikunjiki.

Jumanne, 4 Novemba
Mama yake Ruby kaja ofisini kwa mwalimu mkuu, na mimi nikaitwa. Muuguzi, na sare yake ya kazi. Hakupandisha sauti.

"Nyanya wa bibi yangu alikuwa mtumwa kwenye kisiwa chake mwenyewe," kasema. "Walikatazwa kuoana wao kwa wao. Walikatazwa lugha yao. Tukabaki. Leo mwanangu anaambiwa hayupo, na yeye kakaa pale mbele yako."

Mwalimu mkuu akanigeukia. Nikasema mtoto alinijibu kwa ufidhuli. Uongo mtupu. Umenitoka kama nimeuzoea.

Nimeendesha gari mpaka nyumbani kwetu, mtaa wa Bawshar. Njia siikumbuki.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemhadithia Mama, nikitaka anitetee. Kanitetea.

"Kitabu ndo kilichosema, mwanangu. Wewe una kosa gani?"

Haikunisaidia. Nikajikuta namuuliza juu ya Bi Faraja, aliyemlea yeye Mama utotoni Unguja. Mama yake Bi Faraja alinunuliwa na babu yake Mama, akawa mtumwa. Hilo twalijua sote, hatulisemi.

"Kwao wapi, Mama?"

"Hakuwa na kwao. Kwao kwetu."

Kasema kwa mapenzi kabisa, huku anachagua mchele. Bi Faraja kamlea Mama, kamwogesha, kamzika bibi yangu. Na hakuna aliyemuuliza kwao wapi. Mimi nafundisha historia mwaka wa kumi na nne huu, wala sikuwahi kuuliza. Nna aibu.

Alhamisi, 6 Novemba
Asubuhi nimeanzia kwa mwalimu mkuu. Nimemwambia Ruby hakunikosea adabu, mimi ndiye niliyesema uongo. Kanipa barua ya onyo. Nimetia sahihi.

Kisha darasani. Nimesema kitabu kimekosea, na mimi nimekosea zaidi, kwa sababu mmoja wao mwenyewe alikuwepo akaniambia. Nikamwomba Ruby radhi mbele ya wale wale waliomcheka.

Mtoto mmoja akauliza, "Kwa hivyo bado wapo? Wangapi? Wanaishi vipi?"

"Mwulize Ruby," nikasema, "ikiwa anataka kusema."

Ruby akatazama meza yake. "Leo sitaki."

Nilidhani atanisamehe pale pale. Hata hilo nimelionea aibu.

Jumapili, 9 Novemba
Wiki mpya ya shule, zamu ya jiografia: somo la mito. Ruby kahama kiti, kaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Sikumwambia arudi mbele.